Kitabu Nilichodhani ni cha Kufundishia Kusoma



Mwaka jana kartoni moja ya vitabu ilifika kwenye shule ninakofundisha. Vilikuwa vitabu vilivyokwisha kusomwa na wengine, karibu vyote vya Kifaransa, vya watoto na vya watu wazima vimechanganyika. Tuliambiwa kila mwalimu achague viwili. Mimi niliviruka vile vinene, kwa sababu nyumbani kwangu umeme ni wa bahati na usiku ni mfupi. Nikakiona kimoja chembamba, cha kurasa kama 60, jalada limefifia. Jina lake lilikuwa L'Analphabète, yaani mwanamke asiyejua kusoma.

Munajua kwamba kila Alhamisi mchana ninasaidia darasa la wamama wanaojifunza kusoma na kuandika katika chama chetu. Basi nilifurahi. Nikajisemea: hapa Mungu amenitumia kitabu cha kufundishia. Nilikitia ndani ya mfuko pamoja na lengalenga na nikaenda nacho nyumbani.

Usiku nikawasha tochi ya simu na kufungua. Hapakuwa na mazoezi wala herufi. Kulikuwa na mtoto wa kike wa kijijini, anayejua kusoma tangu umri wa miaka 4, anayesoma kila kitu kinachomwangukia mkononi. Baba yake ni mwalimu wa pekee wa kijiji. Mtoto akifanya makosa, mama yake anamtuma darasani kwa baba, anakaa nyuma na kupewa kitabu. Nilicheka peke yangu, kwa kuwa na wangu wa kwanza amekulia nyuma ya darasa langu hivyohivyo. Nilimaliza kitabu kabla ya jogoo kuwika, na asubuhi watoto wangu wakaenda shuleni na chai bila mkate.

Mwandishi anaitwa Agota Kristof. Alizaliwa mwaka 1935 katika kijiji cha Csikvánd, nchi ya Hungaria. Hungaria ni nchi ya katikati ya Ulaya, haina bahari. Ina ziwa kubwa liitwalo Balaton, urefu wake kilometa 77 hivi. Letu la Tanganyika linapita kilometa 650. Watu wake wana lugha yao ambayo haifanani na za majirani wanaowazunguka. Mwezi wa Oktoba 1956 wananchi waliinuka dhidi ya serikali, na mwanzoni mwa Novemba vifaru vya Warusi vikaingia na kuwazima. Watu karibu 200,000 walikimbia, wengi wao wakapita katika nchi jirani ya Austria.

Agota alikuwa na miaka 21 na mtoto wa miezi 4. Walivuka mpaka usiku, kwa miguu, ndani ya msitu, nyuma ya mtu anayejua njia, kikundi cha watu kama kumi. Mtoto amelala mikononi mwa baba yake. Yeye mama amebeba mifuko miwili. Mmoja una chupa za maziwa, vitambaa na nguo za mtoto. Wa pili una kamusi.

Alhamisi iliyofuata niliwasomea wamama sehemu hiyo, nikiitia katika Kiswahili kadiri ninavyoweza. Mama mmoja anayeuza ndagala pale sokoni akaniinulia mkono.

“Mwalimu, wazungu nao wanakimbiaka?”

“Wanakimbia, mama.”

“Na mtoto mgongoni?”

Nikamwambia mtoto alikuwa mikononi mwa baba. Wote wakaangua kicheko, mwingine akasema huyo baba ni wa kuandikwa kitabuni kweli. Kisha kicheko kikaisha, na yule mama wa ndagala akasema polepole: “Mimi nilibeba sufuria na mtoto. Unga niliusahau juu ya meza.” Kwa miaka miwili niliyomjua, hilo lilikuwa neno la kwanza analosema juu ya vita.

Niwaambie na kilichomo ndani ya sehemu nyingine. Walipelekwa Uswisi, katika mji wa Neuchâtel, wanakosema Kifaransa. Agota hakujua hata neno moja. Akapata kazi katika kiwanda cha saa, akaifanya miaka 5. Wanawake wa kiwandani ndio waliomfundisha lugha: wanagusa nywele, mkono, mdomo, na kulitaja neno. Alifika kuongea, lakini hakuweza kusoma. Fikirieni: mtoto aliyesoma tangu miaka 4 amekuwa mama asiyejua kusoma katika nchi ya watu. Ndiyo maana ya lile jina la kitabu. Akaenda kuandikishwa kwenye mafunzo ya Kifaransa pamoja na wanafunzi vijana. Miaka 30 baada ya kuvuka mpaka, mwaka 1986, alitoa riwaya yake ya kwanza kwa Kifaransa hichohicho, Le Grand Cahier, sisi tungesema Kaye Kubwa. Ilitafsiriwa katika lugha nyingi. Alikufa mwaka 2011.

Hata hivyo hakusema kwamba mambo yaliishia vizuri. Anaandika kwamba Kifaransa ni lugha adui kwake, kwa kuwa kinaua lugha aliyozaliwa nayo. Anaandika kwamba kule Hungaria aliacha kaye ya siri aliyokuwa anaandika ujanani na mashairi yake ya kwanza, akaacha wazazi na ndugu bila kuaga. Anaandika pia juu ya wakimbizi wenzake waliojiua kwa upweke wa ugenini. Sisi ambao nyumbani tunasema Kivira, Kifuliiru, Kibembe na nyingine, sokoni Kiswahili, na darasani tunalazimika kufundisha kwa Kifaransa, tunaelewa bila kuelezwa.

Basi ikawa kila siku nazungumza habari za Wahungaria, mpaka wenzangu shuleni wakachoka. Mwalimu wa historia akanicheka: “Mwanamke mmoja Mhungaria alifika hata kwenye ziwa letu la Albert. Umtafute huyo.” Nikamtafuta. Kitabu ni cha zamani sana, kinapatikana bure kwenye intaneti, na kidogokidogo nilikisoma kwenye simu wakati mtandao unapokubali.

Anaitwa Florence Baker. Jina lake la kwao ni Flóra Sass. Alizaliwa Transylvania, ambayo wakati ule ilikuwa chini ya milki ya Austria na leo ni Rumania. Vita vya mapinduzi ya 1848 na 1849 vilimtenga na jamaa yake angali mtoto. Mwaka 1859, akiwa bado msichana, alikuwa anauzwa kama mtumwa katika mji wa Vidin kwenye mto Danube, nchi iliyo leo Bulgaria. Hapo ndipo Mwingereza Samuel Baker alipomwona na kuondoka naye. Ndiyo, wamama: msichana mzungu, sokoni, anauzwa. Sisi wa pwani hii, ambao babu zetu waliona misafara ya watumwa ikivushwa ziwa kwenda Ujiji, hatukufundishwa hilo.

Hao wawili walipanda mto Nile mpaka tarehe 14 Machi 1864 walipofika kwenye ziwa ambalo wenyeji waliliita Mwitanzige. Baker akaliita Albert, jina la mume wa malkia wake. Ni ziwa lile la Ituri, kati yetu na Uganda. Wakati wa Mobutu lilipewa jina lake. Njiani Florence alipigwa na jua akapoteza fahamu kwa siku kadhaa, mpaka watu wa msafara wakaanza kutafuta mahali pa kuchimba kaburi. Akaamka. Waacholi walimwita Anyadwe, Binti wa Mwezi.

Mwaka 1866 Baker alitoa kitabu cha safari hiyo. Nakubali, kuna mahali nilikisoma kwa hasira, kwa sababu anasema juu ya Waafrika kwa dharau nyingi. Lakini niliendelea kwa ajili ya Florence. Katika kitabu chote anamwita mke wangu, na wala hasemi amemtoa wapi. Neno la Vidin halimo. Ndoa yenyewe walifunga London mwaka 1865, baada ya safari. Nadhani aliogopa aibu kwa ajili yake. Hata hivyo habari zilienea, na Malkia Victoria alikataa kumpokea mwanamke huyo nyumbani kwake.

Kuna sehemu moja iliyonizuia nisilale. Wako Bunyoro, na wanataka njia ya kwenda ziwani. Mtu aliyejionyesha kama mfalme Kamrasi (baadaye ilijulikana ni ndugu yake) anamwambia Baker amwachie mke wake. Baker anatoa bastola. Ndipo Florence anasimama, amekasirika, na kumwambia yule mkubwa maneno kwa Kiarabu. Karibu naye yupo mwanamke wa Bunyoro anayeitwa Bacheeta, aliyekuwa mtumwa wa wafanyabiashara na hivyo akajua Kiarabu. Bacheeta anayapokea maneno hayo na kumrushia mkubwa katika lugha yake, bila woga.

Wanawake wawili ambao wote walionja utumwa, mmoja wa Hungaria na mmoja wa Bunyoro, wamesimama mbele ya mtu mwenye enzi na kusema hapana. Nilishuka chini ya ukurasa kutafuta walisema nini. Hamna. Kitabu kinatuambia sura ya Florence ilikuwaje kwa hasira. Maneno yake hakikuyaandika. Ya Bacheeta hayakuandikwa pia. Mwanaume aliyekuwa na kalamu aliona, akasikia, akaandika alichokiona yeye.

Florence alipata bahati baadaye. Katika safari yao ya pili aliandika kaye yake mwenyewe, ikachapishwa mwaka 1972, miaka 56 baada ya kifo chake. Bacheeta hakupata.

Nilipofika hapo nikakumbuka kwetu.

Katika jamaa yetu, habari ya kukimbia kwetu mwezi wa Oktoba 1996 inajulikana na wote, kwa sababu mjomba anaisimulia kila ndoa na kila matanga. Tulitoka hapa Uvira, tukatembea kufuata ziwa, Makobola, Mboko, mpaka Baraka. Mimi nilikuwa na miaka 6. Huko Baraka boti zilikuwa chache na watu ni wengi kama mchanga. “Nikaongea na mwenye boti,” mjomba husema, “nikamwambia ukweli, akanielewa, nikamvusha dada yangu na watoto wake watatu mpaka Kigoma.” Watu wanapiga makofi. Mama yangu anakaa pembeni akichambua mchele. Nilikulia Nyarugusu, katika kambi, nikarudi nikiwa msichana wa kuolewa, nikasoma hadi diploma ya ualimu, na miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza mama chochote. Habari ilikuwa imekwisha kusimuliwa.

Siku moja ya Jumapili nilienda kwake na kaye mpya. Alikuwa anakaanga mikeke. Nikamwambia: “Mama, siku ile ulibeba nini?”

Aliniangalia kama vile nimemwuliza kitu cha deni. Kisha akasema huku akigeuza samaki.

Alisema alibeba sufuria moja, kisu, chumvi, na vikwembe vyake. Mdogo wangu alikuwa na homa na miezi 9. Kule Baraka, usiku, mjomba alikuwa amekwenda kutafuta mafuta ya mashine, kwa kuwa mwenye boti alimwahidi nafasi akiyapata. Alipoondoka, mwenye boti akabadilika. Akasema hachukui mtoto mgonjwa, atalia, atawaleta askari. Mama akampa vikwembe vyake, na kile cha mahari ndani. Yule mtu akakubali kwa sharti moja: mtoto asisikike. Basi mama alikaa mchangani usiku kucha na ziwa la kifua ndani ya mdomo wa mtoto, hata maziwa yalipokwisha, hata alipoanza kutoka damu. Mjomba aliporudi alfajiri na kidumu chake, nafasi zilikuwa zimekwisha kupatikana. Akadhani ni kwa ajili ya maneno yake ya jana.

“Kwa nini hukumwambia, mama?”

“Nani aliniuliza?”

Mikeke iliungua kidogo siku ile. Tulikula hivyohivyo.

Nilikwenda nyumbani nikaandika, na juma lililofuata nikamsomea. Mama hajui kusoma. Kwenye karatasi za chama anatia kidole gumba. Lakini alisikiliza kama mkaguzi wa shule. Aliponisikia nikisoma “vikwembe vitatu”, akanisimamisha. “Viwili. Cha tatu nilimfunga mtoto.” Niliandika pia kwamba alikuwa mama jasiri. Akasema toa. “Sikuwa jasiri. Nilikuwa natetemeka. Andika natetemeka.”

Nikashangaa, kwa sababu ndiyo sheria ya Kaye Kubwa. Katika riwaya ile kuna watoto mapacha ambao vita vinawapeleka kwa nyanya yao katika mji mdogo karibu na mpaka. Wanajifundisha wenyewe kuandika ndani ya kaye, na wana sheria moja: kuandika tu kilichotokea. Hawana ruhusa ya kuandika kwamba nyanya ni mchawi. Wanaweza kuandika kwamba watu wanamwita mchawi. Maneno ya moyo, kama kupenda na wema, wanayaacha kwa kuwa kila mtu anayaelewa kivyake. (Niwaonye: ni riwaya ngumu, ina mambo machafu ya vita, musiwaachie watoto.) Mimi nilihitaji kitabu ili nijifunze sheria hiyo. Mama alikuwa nayo tayari.

Kabla sijafunga kaye, aliniambia neno moja tena. “Usimtoe mjomba wako. Boti iliingia maji, alichota na kidumu mpaka tulipoona taa za Kigoma. Kama si yeye tungezama. Mwandike na yeye.” Nimemwandika. Sasa habari ina watu wawili ndani yake.

Wamama, kwa kukubaliana na viongozi wa chama, kuanzia Alhamisi ijayo tutaongeza saa moja baada ya darasa la kusoma. Aje anayetaka, na kaye na biki. Asiyejua kuandika asibaki nyumbani kwa hilo: atasema, nasi tulio na kalamu tutaandika maneno yake kama yalivyo, kisha tutamsomea arekebishe. Tutaanza na maswali mepesi. Ulibeba nini? Uliacha nini? Nani alilipa? Mulilala wapi? Iwe ni 1996, au vita vilivyofuata, au usiku ule wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulipoingia ndani ya nyumba zetu. Hakuna atakayelazimishwa. Kuna vidonda ambavyo haviulizwi mbele ya watu, na mwenye kunyamaza ana haki yake. Kaye ya kila mmoja ni yake. Ataondoka nayo mwenyewe, na hakuna kitakachosomwa mbele ya wengine bila yeye kukubali.

Yule mama wa ndagala amekwisha kununua yake. Aliniambia ameificha chini ya unga.

Mjomba bado hajasikia. Siku ya Noeli tutakutana wote kwa mama, na kama kawaida baada ya kula ataanza kusimulia. Nitamwacha amalize. Kisha nitaomba ruhusa nisome. Nimemwambia mama kwamba ninaogopa. Amesema siku ile atakaa karibu naye.